Viwango vya michango ya NSSF nchini Kenya

Viwango vya michango ya NSSF ni kiasi ambacho mfanyakazi na mwajiri wake hulipa kila mwezi kwa Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni nchini Kenya. Chini ya Sheria ya NSSF Nambari 45 ya 2013, kila upande hutoa asilimia 6 ya mshahara, jumla asilimia 12, mradi mshahara unaohesabiwa usipite kikomo kilichowekwa. Tangu Februari 2026 kikomo hicho ni shilingi 108,000 kwa mwezi, kwa hiyo mchango wa juu kabisa ni shilingi 6,480 kwa mfanyakazi na kiasi kama hicho kwa mwajiri.

Historia

NSSF iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1965 kama mfuko wa akiba: michango ya mwanachama ilikusanywa pamoja na riba, naye akalipwa yote kwa mkupuo alipostaafu. Mifuko ya aina hii ilienea katika nchi zilizotawaliwa na Uingereza, zikiwemo Malaysia mwaka 1951, Singapore mwaka 1955 na Tanganyika mwaka 1964. Mwanzoni NSSF ilikuwa idara ya Wizara ya Leba, kisha mwishoni mwa miaka ya 1980 ikawa shirika la serikali chini ya bodi ya wadhamini.

Kwa miaka mingi kabla ya 2023, mfanyakazi alikatwa shilingi 200 na mwajiri akaongeza 200. Meneja na mfagiaji walikatwa sawa, na bei za vitu zilipopanda akiba hiyo ilizidi kupungua thamani.

Sheria mpya ilitiwa saini Desemba 2013, lakini utekelezaji wake ulikwama mahakamani. Septemba 2022, Mahakama ya Ajira na Leba iliibatilisha kwa sababu haikupitishwa katika Seneti. Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo tarehe 3 Februari 2023, na makato mapya yakaanza mwezi huo huo. Februari 2024 Mahakama ya Juu ilifuta uamuzi wa Mahakama ya Rufaa na kuirudishia kesi iisikilize upya. Makato yaliendelea.

Viwango na vikomo

Asilimia 6 haijabadilika tangu 2023. Kilichopanda kila Februari ni vikomo viwili vya mshahara. Mchango unaotokana na mshahara ulio chini ya kikomo cha kwanza huitwa wa Daraja la Kwanza, na unaotokana na mshahara ulio kati ya kikomo cha kwanza na cha pili ni wa Daraja la Pili.

- Februari 2023: vikomo 6,000 na 18,000, mchango wa juu wa kila upande 1,080.
- Februari 2024: vikomo 7,000 na 36,000, mchango wa juu 2,160.
- Februari 2025: vikomo 8,000 na 72,000, mchango wa juu 4,320.
- Februari 2026: vikomo 9,000 na 108,000, mchango wa juu 6,480.

Mchango wa Daraja la Kwanza lazima uende NSSF. Ule wa Daraja la Pili mwajiri anaweza kuupeleka katika mpango binafsi wa pensheni, akiidhinishwa na Mamlaka ya Malipo ya Kustaafu, RBA. Malipo ya kila mwezi hufanywa kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Kwenye payslip, makato ya NSSF hutokea pamoja na ya bima ya afya, SHIF, ambayo ni asilimia 2.75, na ada ya nyumba, asilimia 1.5. Mwajiri huongeza sehemu yake katika NSSF na katika ada ya nyumba. SHIF ya mwajiriwa hutoka kwa mwajiriwa peke yake.

Mfano wa hesabu

Chukua mfanyakazi wa nyumbani anayeishi Kongo, mtaa wa Kawangware, magharibi mwa Nairobi. Wakazi wengi wa Kawangware hufanya kazi za nyumbani, za ulinzi na za mjengo katika mitaa jirani kama Lavington na Kileleshwa. Amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani jijini Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Kwa vikomo vya 2026, asilimia 6 ya 9,000 za kwanza ni shilingi 540, na asilimia 6 ya 7,113.75 zinazobaki ni 426.83. Mfanyakazi hukatwa 966.83. Mwajiri naye hutoa 966.83 kutoka mfukoni mwake, wala hapaswi kuzitoa kwenye mshahara huo. Kila mwezi akaunti hupokea 1,933.66.

Vibarua na waliojiajiri

Sheria humgusa kila mwajiri, hata aliye na yaya mmoja tu. Hata hivyo, mama fua anayelipwa kwa siku katika nyumba tofauti, au kibarua wa mjengo anayeitwa kazi inapopatikana, mara nyingi hana mtu wa kumwekea nusu ya pili. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kibarua njia ya kudai: akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima, huhesabiwa kuwa ameajiriwa kwa mkataba wa mwezi. Muuza mboga, fundi wa jua kali na mwendesha boda wanaweza kujiunga kwa hiari. Mpango wa Haba Haba hupokea kuanzia shilingi 25 kwa siku, na aliyeweka kwa miaka mitano anaruhusiwa kutoa nusu ya akiba. Asilimia 6 ya mwajiri haipo katika mpango huu. Kinachokua ni kile alichoweka mwenyewe pamoja na riba.

Mafao

Umri wa kustaafu ni miaka 60, ila aliyeacha kazi anaweza kudai kuanzia miaka 50. Yapo pia mafao ya ulemavu, ya warithi na ya anayehama nchi kabisa.

Ulinganisho na majirani

NSSF ya Uganda hutoza asilimia 15: mfanyakazi 5, mwajiri 10. Ya Tanzania Bara hutoza asilimia 20, ambapo mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10. Kenya iko chini ya zote mbili, na vikomo vyake hupunguza zaidi uzito wa mchango kwa wenye mishahara mikubwa: anayelipwa 200,000 hukatwa 6,480, yaani asilimia 3.24, ilhali mfanyakazi wa nyumbani wa Kongo hukatwa asilimia 6 kamili.