Uhuru wa mahakama: istilahi iliyopimwa Igunga

Oktoba 2011 wapiga kura wa Igunga, mkoani Tabora, walirudi vituoni kwa uchaguzi mdogo baada ya Rostam Aziz kujiuzulu ubunge. Dalaly Kafumu wa CCM akatangazwa mshindi. Agosti 2012 Jaji Mary Shangali wa Mahakama Kuu akatengua matokeo. Rufaa ikakatwa, Mahakama ya Rufani ikamrudishia Kafumu kiti chake.

Mahakama ya Rufani, mahakama ya juu kabisa hapa Tanzania, haina makao Tabora. Majaji wake huja kwa vikao, wakaketi watatu watatu kusikiliza rufaa za kanda. Wote huteuliwa na Rais, na kwa desturi Rais ndiye mwenyekiti wa CCM. Katika shauri la Igunga ngazi moja iliamua dhidi ya chama hicho, nyingine ikaamua kwa faida yake. Nani kati yao alikuwa huru? Hukumu peke yake haiwezi kutujibu, na hapo ndipo istilahi ya uhuru wa mahakama inapoeleweka vibaya. Kipimo chake ni yale yatakayompata jaji kesho yake asubuhi.

Ukitaja uhuru Tabora, watu wazima hukumbuka mkutano wa 1958 wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, na mjadala wake kuhusu uchaguzi wa kura tatu. Uhuru huo ni kujitawala. Uhuru wa mahakama ni mwingine kabisa: Ibara ya 107B ya Katiba inazitangaza mahakama kuwa huru na papo hapo inazifunga zifuate Katiba na sheria tu. Wala si sawa na kutopendelea. Jaji asiyeingiliwa na mtu bado anaweza kumpendelea shemeji yake.

Tabora inajua gharama ya kukosa mwamuzi huru. Mtemi Mnywa Sere wa Unyanyembe, eneo la Tabora, alipotoza kodi bidhaa za misafara, ugomvi wake na wafanyabiashara Waarabu uliishia kwenye bunduki, akang'olewa na Mkasiwa akawekwa mahali pake.

Kinachoubeba uhuru wa mahakama ni ulinzi wa wadhifa. Kwetu Jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wa Rufani 65. Kabla ya hapo Rais hawezi kumwondoa kwa utovu wa nidhamu au kushindwa kazi mpaka tume maalumu ichunguze na kushauri hivyo. Kenya iliuondoa ulinzi huo mwaka 1988, ikaurudisha 1990. Katikati ya miaka hiyo kila jaji alikalia kiti ambacho Ikulu ingeweza kukivuta. Septemba 2017, chini ya Katiba mpya, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi wa Rais aliyekuwa madarakani, na Jaji Mkuu David Maraga akaendelea na kazi hadi alipostaafu. Uganda ya Idi Amin haikuhitaji hata kubadili sheria: Septemba 1972 Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa mahakamani, asionekane tena.

Lakini kuna tishio la upole zaidi, nalo ni fadhila. Ujerumani imeliona: jaji wa Mahakama ya Katiba hupewa miaka 12, mara moja tu, hivyo hana cha kuomba kwa mwanasiasa yeyote. Katiba yetu, Ibara ya 120, inamruhusu Rais kumwongezea muda Jaji wa Rufani aliyefikisha miaka 65. Mwaka 2023 Jaji Mkuu Ibrahim Juma aliongezewa, akatumikia hadi 2025. Simtilii shaka yeye. Ninachokitilia shaka ni kifungu chenyewe, kwa sababu kinamfanya kila jaji anayekaribia miaka 65 awe mtu mwenye jambo la kutarajia kutoka Ikulu, tena katika miaka ileile anayosikiliza rufaa za uchaguzi. Kifungu hicho kifutwe.