Wachumba, Viongozi na Hesabu ya Siku 260

Katika mji wa Momostenango, kwenye nyanda za juu za Guatemala, mshenga hapeleki posa siku yoyote ile. Kwa mila ya Wamaya wa kabila la K'iche', siku nzuri ya kubisha hodi kwa wazazi wa binti ni Aq'ab'al, siku ya usiku unaokaribia kupambazuka. Mshenga mwenyewe huitwa k'amal b'e, mwongoza njia. Kabla hajapiga hatua ya kwanza, kuna mtu mwingine aliyekwisha kuulizwa: ajq'ij, yaani mtu wa siku, anayejua vijana wale walizaliwa siku zipi na anayeulizwa kama ndoa yao itakaa.

Kalenda anayoitumia huitwa cholq'ij. Ina majina 20 ya siku na namba 13, na viwili hivyo vinazunguka pamoja mpaka siku 260 zitimie, kisha hesabu inaanza upya. Ukiuliza kwa nini 260, wazee wa K'iche' hujibu kwamba huo ndio muda mtoto anaokaa tumboni mwa mama yake. Kila siku ni bwana, na huamkiwa kwa heshima kama mtu mkubwa. Mtoto akizaliwa, huchukua uso wa siku hiyo. Aliyezaliwa siku ya Kej, kulungu, hutazamiwa kuwa mtu wa nguvu anayefaa kuwa ajq'ij. Wa No'j ni mtu wa fikra na ushauri. Namba nayo ina uzito wake: ndogo ni za upole, kubwa ni kali, na za katikati, 7, 8 na 9, ndizo za wastani.

Hesabu hii ni kongwe mno. Mwaka 2022 wanaakiolojia walitangaza vipande vya ukuta uliochorwa vilivyotoka San Bartolo, kaskazini mwa Guatemala, vya kati ya mwaka 300 na 200 kabla ya Kristo. Kwenye kimojawapo kuna mstari mmoja na nukta mbili, yaani saba kwa maandishi ya Kimaya, na chini yake kichwa cha kulungu. Ni siku ya 7 Kej. Siku hiyohiyo bado inahesabiwa Momostenango, kwa namba ileile na mnyama yuleyule.

Kupima watu wawili kwa kalenda hii hakukuwa kwa Wamaya peke yao, kwani siku 260 zilihesabiwa na jamii nyingi za Meksiko na Amerika ya Kati. Ushahidi ulio wazi kuliko wote umo katika Codex Borgia, kitabu cha picha cha Meksiko ya kati kilichotungwa kabla ya Wahispania kuingia, ambacho leo kimehifadhiwa Vatikani. Humo wamechorwa wanandoa jozi 25. Hesabu yake ni ya kupendeza kwa urahisi wake: chukua namba ya siku aliyozaliwa mume, ongeza ya mke. Jumla ndogo kabisa ni 2, kubwa kabisa ni 26, basi majibu ni 25, na kila jibu lina picha yake. Wapo wanaokaa kwa amani, wapo wanaogombana.

Wahispania waliona ushetani katika vitabu vya namna hiyo. Julai 1562, katika mji wa Maní huko Yucatán, mtawa Diego de Landa aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto. Duniani kote vimebaki vinne tu. Hata hivyo, huko nyanda za juu hesabu ilikuwa vichwani mwa wakulima na wafumaji wa mablanketi, mahali ambapo moto haufiki.

Mwanaanthropolojia Barbara Tedlock na mumewe Dennis walifundishwa kazi hiyo Momostenango na ajq'ij Andrés Xiloj, wakatawazwa mwaka 1976 katika siku ya 8 B'atz', siku kuu ya watu wa siku. Kitabu cha Barbara cha 1982 kinaeleza kazi inavyokwenda. Mbegu nyekundu za mti wa tz'ite humwagwa mezani, ajq'ij huchota konzi moja, huzipanga nnenne, kisha huhesabu siku fungu kwa fungu. Wakati huo husikiliza damu yake, kwa maana husema kuna umeme unaoruka mwilini mwake, kulia au kushoto, mbele au nyuma. Huku akihesabu anauliza: nani amemkosea nani, deni gani halijalipwa, mzee gani hakushirikishwa. Hapo ndipo penye thamani ya jambo lenyewe. Siku ya kuzaliwa inafungua mazungumzo, na hukumu huja baada ya watu kusema yaliyo moyoni.

Hata uongozi ulipangwa hivyo. Kiongozi wa ukoo huitwa chuchqajaw, neno linalounganisha mama na baba. Juu ya viongozi wa koo, Barbara Tedlock alikuta 14 wa vitongoji na wawili wa mji mzima, wote wakiwa watu wa siku, kila mmoja akiwa na siku zake za kwenda mahali pa ibada kuwaombea watu wake.

Wakati huo Guatemala ilikuwa katika vita ya miaka 36, kuanzia 1960 hadi 1996. Tume iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 1999 kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au kupotezwa, na kwamba kati ya waathirika waliotambuliwa kikamilifu, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Mkataba wa haki za watu wa asili uliotiwa saini Machi 1995 ndio uliotambua dini ya Kimaya na viongozi wake.

Wakati Wamaya wa Guatemala wakizikana, huko Marekani kalenda yao ilikuwa inaanza maisha mengine. Mwandishi José Argüelles alitoa kitabu juu yake mwaka 1987, na baadaye mchezo uitwao Dreamspell, ambao humpa kila mtu ishara yake na kumwonyesha nani ni kiongozi wake, nani rafiki, nani wa kumpa changamoto. Wachumba na wafanyakazi wa ofisi moja hupangwa kwa ishara hizo. Tatizo ni kwamba Argüelles aliiruka tarehe 29 Februari, kwa hiyo kila mwaka mrefu hesabu yake inazidi kuachana na ya Guatemala. Tarehe 21 Desemba 2012 ilikuwa 4 Ajpu kwa watu wa siku. Kwa Argüelles ilikuwa siku yenye namba 12 na ile ishara ambayo Wak'iche' huiita Kej. Mtu aliyezaliwa siku hiyo amepewa uso wa siku nyingine kabisa, na ushauri wowote wa ndoa au kazi uliojengwa juu yake hauna haki ya kuitwa wa Kimaya.

Na kwa wenye hesabu hii hatari haikuisha na vita. Juni 2020, huko Petén, Guatemala, Domingo Choc, mtaalamu wa mitishamba na kiongozi wa kiroho wa Wamaya wa Q'eqchi' aliyeshirikiana na watafiti wa vyuo vikuu, alichomwa moto hadi kufa kwa tuhuma za uchawi. Mwenye kutaka kutazamiwa yeye na mchumba wake, au yeye na wenzake kazini, aipokee hesabu kutoka kwa watu hawa walioilipia, kwa siku zao na kwa majina yao.