Neno 'kupakua' lilitangulia simu, na maana yake tunaipoteza

Neno 'kupakua' limezoeleka hivi kwamba mwanafunzi wa sekondari hushangaa ukimwambia halikuzaliwa na simu yake. Nyanya yake hupakua muthokoi kutoka chunguni. Wachukuzi wa Mombasa walipakua shehena za majahazi kabla ya umeme kufika pwani. Katika kazi zote mbili, kitu hutoka kwenye chombo kikubwa, kikawa mikononi mwa mtumiaji, na hapo jahazi linaweza kung'oa nanga likaenda zake. Hoja yangu leo ni kwamba neno hili liliafiki barabara jinsi mawasiliano ya kompyuta yalivyoingia Afrika Mashariki, na kwamba maana hiyo inatuponyoka, jambo linalowaumiza zaidi watu wa mahali kama kwetu Kathonzweni.

Mwaka 1979, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, Tom Truscott na Jim Ellis, walibuni Usenet. Kompyuta moja ilipigia nyingine simu, aghalabu usiku gharama ikiwa nafuu, ikachukua makala mapya kisha ikakata. Makala hayo yalipangwa katika vikundi vya habari kulingana na mada. Katika kikundi cha soc.culture.african, kwa mfano, Waafrika waliokuwa masomoni ng'ambo walizozana kuhusu siasa za nyumbani. Februari 1986, Brian Kantor na Phil Lapsley wakatoa kanuni za NNTP, zinazoeleza jinsi kompyuta ya msomaji inavyozungumza na seva ya mbali.

Mazungumzo yenyewe ni kama ya dukani. Kompyuta yako hutaja kikundi, seva ikajibu kwa kutaja nambari za makala iliyo nayo, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Programu yako inakumbuka ulikomea wapi jana, tuseme 4,210, basi inaomba kuanzia 4,211, inayaweka makala kwenye diski na kukata laini. Unasoma bila haraka. Ukiwa na jibu, linakaa kwenye foleni hadi simu ya kesho. Kila makala huwa na kitambulisho chake kisichofanana na kingine chochote, ili yasipokelewe mara mbili. Programu moja iitwayo Leafnode ilikuwa na busara ya ziada: kikundi ambacho hakuna mtu wa nyumbani amekisoma kwa siku kadhaa, iliacha kukiletea makala. Mwenye kioski cha magazeti hufanya vivyo hivyo mteja wake akihama.

Kwa nini taabu yote hiyo? Tupige hesabu. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 240 kila sekunde. Makala 100 yenye herufi 2,000 kila moja ni herufi 200,000, yaani kama dakika 14. Ukiyabana kabla ya kuyatuma, muda huo unaweza kupungua hadi nusu. Kuyasoma yote kutakuchukua karibu saa tatu. Enzi hizo Shirika la Posta na Simu la Kenya ndilo lililohodhi laini, na simu ya ng'ambo ilikuwa ghali ajabu. Nani angesoma mita ikihesabu?

Basi Nairobi ikajifunza kupakua. Kituo cha Environment Liaison Centre kiliendesha NGONET, huku shirika la GreenNet la London likiunganisha mitandao ya namna hiyo kwa teknolojia ya FidoNet, ambayo nayo ilitegemea simu za kupiga, kupokea na kukata. Mradi wa ESANET uliviunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe kwa njia iyo hiyo.

Ulionivutia zaidi ni mtandao wa madaktari, HealthNet, wa shirika la SatelLife lililoasisiwa na Daktari Bernard Lown wa Boston. Huo ulitumia satelaiti ndogo. HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993, ilizunguka dunia kupitia juu ya ncha zake mbili. Ilipopita juu ya kituo cha ardhini iliteremsha barua, ikapakia nyingine, ikaendelea na safari. Matatu ya angani, ningesema, tena isiyongoja abiria.

Wakati huo nilikuwa mhadhiri kijana jijini Nairobi. Rafiki aliyekuwa na modemu alinipa diski laini zilizojaa makala, nami nikayachapisha kwenye karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni. Nyumbani Kathonzweni hakukuwa na umeme, hivyo diski haingenifaa kitu. Karatasi zilinifaa. Wazee walikuwa wakiuliza ũvoo wa Ilovi, yaani habari za Nairobi, na sasa wakapata za mbali zaidi. Nilitafsiri kwa Kikamba papo hapo yale ambayo vijana wetu waliandika kutoka Marekani kuhusu vyama vingi, kwa uwazi ambao magazeti ya hapa yalikuwa bado yanaujaribu kwa tahadhari. Makala yaliyotoka mbali namna ile yalisomwa na watu kumi au zaidi, wengi wao hawajawahi kuona kompyuta.

Intaneti kamili ilifika Kenya mwaka 1995, na nyaya za baharini zikatua Mombasa mwaka 2009. Tangu hapo kitenzi kipya kimechukua usukani: kutiririsha. Sina ugomvi na neno lenyewe, limeundwa vizuri. Ila sisi wa Makueni na Kitui tunaijua mito ya msimu. Kinachotiririka hupita, ndiyo maana watu wetu hujenga mabwawa ya mchanga kuyazuia maji ya siku chache yawafae wakati wa kiangazi. Mwaka 2020 shule zilipofungwa, baadhi ya masomo yalitolewa kwa video za moja kwa moja. Mtoto aliyenunua bando la siku moja alitazama nusu ya somo, bando likaisha, na hakubaki na chochote. Maandishi ya somo lilo hilo, yakipakuliwa, yangekula sehemu ndogo mno ya bando hilo, na yangesomwa na ndugu zake pia.

Kuna hata kitufe kilichoandikwa 'pakua' kwenye huduma za filamu, lakini malipo yakikoma, filamu haifunguki tena. Nyanya akishapakua muthokoi, hapiti baadaye kukunyang'anya sahani. Walimu wenzangu wanaotayarisha masomo ya mtandaoni wanapaswa kujiuliza swali moja kabla ya kumaliza kazi: je, linapakulika?

Februari 22, 2024, Google Groups iliacha kupokea makala mapya ya Usenet. Ya zamani bado yanasomeka huko, mradi uwe na mtandao. Yale ya diski zangu nilikwisha kuyahamishia kwenye kijiti cha USB, na jumla yake hayafikii ukubwa wa video moja ya dakika tatu.