Si Kila Kishingo ni Chotara wa Kanga

Kanga ni mwenyeji wa Afrika. Kuku asili yake ni Asia, akaingia pwani yetu kwa biashara ya Bahari ya Hindi. Mifupa yake imefukuliwa Unguja Ukuu, mji uliostawi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Kilichowaweka ua mmoja zaidi ni mayai. Kanga hutaga sana ila ulezi humshinda, hivyo wafugaji humwatamishia kuku mayai yake: siku 26 hadi 28, badala ya 21. Kifaranga wa kanga hukua akiandamana na kuku, na akikomaa, mara chache jogoo humpanda, akazaliwa chotara.

Ndipo maswali huzuka. Kwenye ua wa Buzuruga, Mwanza, kuku mwenye madoadoa na shingo tupu hudhaniwa haraka kuwa chotara. Tazama kichwa kwanza! Kishingo, kuku halisi wa kienyeji, ana kilemba chekundu na ndevu. Shingo yake imenyimwa manyoya na jeni moja tu. Chotara wa kweli kwa kawaida hana kilemba, wala pembe ya kanga.

Tena ni tasa. Mwenye shingo tupu anayetaga na kuangua vifaranga ni kuku.