Kilo Zinazoamuliwa Kabla ya Mvua

Mpelelezi Burton alipita kijiji cha Kigwa, hapa Uyui, mwaka 1857 akielekea Kazeh (Tabora ya leo). Mpelelezi mwingine, Stanley, alipopita mwaka 1871, alikuta kijiji kimeharibiwa katika vita vya Waarabu wa Unyanyembe na mtemi Mnywa Sele. Misafara iliendelea kuja na nguo na shanga, lakini mali hiyo hainunui nafaka ambayo haikupandwa.

Miaka yangu ya ukarani wa mizani katika chama cha msingi cha tumbaku hapa Uyui imenionyesha jambo hilohilo: kinachovunwa huamuliwa na kilichopandwa. Watu wakisikia mavuno ya nchi yameshuka, hutazama mawingu. Mimi hufungua kwanza daftari la makisio, yaani kilo ambazo makampuni yameahidi kununua.

Tumbaku ya mvuke ilishika mizizi Urambo katika miaka ya 1950, baada ya Waingereza kuuacha mradi wao wa karanga, ikasambaa Tabora. Enzi za bodi na mamlaka za serikali, mnunuzi alikuwa mmoja. Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1990, makampuni yakaja na mikataba: kilo watakazonunua, bei ya kila daraja kwa dola, na pembejeo za mkopo.

Mkulima hupiga hesabu papo hapo. Mfuko wa mbolea ya NPK bei gani? Vibarua wa kuvuna na kuni za bani la kukaushia jani? Mbolea ikipanda na bei ya jani ikabaki palepale, anapunguza ekari. Kampuni ikikata makisio, anapunguza hata kama ana nguvu za kulima. Kitalu kikishamwagiwa mbegu, mambo yamekwisha: sokoni bei ikiongezeka maradufu, hakuna jani jipya litakaloota kati ya bani na mizani. Ndiyo maana wingi wa mzigo wa msimu huu ni jibu la bei na ahadi za msimu uliopita.

Ukijumlisha maamuzi hayo, unapata tumbaku ya taifa. Mwaka 2018 mnunuzi mkubwa, kampuni ya TLTC, alijiondoa, na kilo zake zikakosa mwenyewe. Wanunuzi walipoongezeka, nchi ilivuna zaidi ya tani 120,000 msimu wa 2022/23. Ardhi ilikuwa ileile.

Kwa hiyo nawaomba wanaokaa mezani kupanga bei: itangazeni kabla ya vitalu, pamoja na kilo mtakazonunua, kisha mtimize ahadi. Mkulima wa Kigwa akiamini ahadi, atalima. Ikivunjwa, msimu unaofuata ghala lenu litapungua, na mvua haitakuwa na kosa.