Shule Tatu Kuwa Moja: Muungano wa 1962 na Mtoto wa Karagwe

Mnamo Novemba, 1861, John Hanning Speke alifika Karagwe akapokewa na Mfalme Rumanyika. Msafiri huyo ameandika mwenyewe kwamba mfalme alimwamkia kwa Kiswahili kizuri. Si ajabu, kwani wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro, si mbali na makao ya mfalme. Basi katika nchi hii Kiswahili kilitangulia shule, na Mwingereza huyo alikaribishwa kwa lugha hiyo. Jambo hili na tuliweke akilini, maana ndilo kipimo cha yanayofuata.

Serikali ya Waingereza iliigawa elimu ya Tanganyika mafungu matatu: shule za Wazungu, za Waasia na za Waafrika. Kila fungu lilikuwa na fedha zake na majengo yake. Kabla ya kuulizwa akili yake, mtoto aliulizwa rangi yake. Na katika fungu la Waafrika aliulizwa tena dini yake. Ihungo ilikuwa ya Wakatoliki, na Kahororo ya Walutheri. Zote mbili ziko karibu na mji wa Bukoba, mbali na vilima vya Karagwe.

Sheria ya Elimu ya 1961, iliyopitishwa Oscar Kambona akiwa Waziri wa Elimu, ilianza kutumika tarehe 1 Januari, 1962, siku 23 tu baada ya uhuru. Mafungu matatu yakawa moja. Mwaka 1964 karo ya sekondari ikaondolewa. Kule Iringa, shule ya St Michael's and St George's, iliyojengwa kwa ajili ya watoto wa Kizungu, ikageuka kuwa Mkwawa. Sheria ya 1969 ikafungua njia ya kutaifisha shule za misheni, na Ihungo na Kahororo zikawa mali ya umma.

Tusiidharau kazi hiyo. Uingereza yenyewe, tangu Sheria ya 1944, ilikuwa ikiwatenga watoto wake kwa mtihani wa umri wa miaka 11, huyu shule ya wateule, yule shule ya wengi. Ni mwaka 1965 tu serikali yake ilipozitaka halmashauri ziziunganishe shule hizo. Mwanafunzi alimtangulia mwalimu wake kwa miaka mitatu.

Lakini katika kila muungano yafaa tuulize: nani ametoa nini? Mzungu alitoa upekee wake, Mwasia wake, na misheni zikatoa majengo. Kiingereza peke yake hakikutoa kitu. Kilikuwa lugha ya sekondari kabla ya muungano, kikabaki hivyo baada yake. Hoja ya wakati ule ilikuwa na uzito: vitabu vilikuwa vya Kiingereza, walimu wengi wageni, na mitihani ikitoka Cambridge. Walakini hoja ya dharura ikikaa sana hugeuka desturi, na desturi haiulizwi sababu.

Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Hapo ukuta mpya ukasimama, si kati ya rangi na rangi, bali kati ya Darasa la Saba na Kidato cha Kwanza. Mtoto aliyelelewa kwa Kinyambo, akajifunza hesabu na sayansi kwa Kiswahili, huamka asubuhi moja akatakiwa kuyafahamu yayo hayo kwa lugha aliyoijua kama somo tu. Hunyamaza, na unyamavu wake huhesabiwa kuwa ujinga.

Tangu 2004 shule za kata zimeongezeka, na mwaka 2012 Kyerwa ikawa wilaya mbali na Karagwe. Safari ya miguu imefupishwa. Safari ya lugha ni ile ile. Muungano wa 1962 uliwaingiza watoto wote katika nyumba moja, nasi twawiwa kuwafungulia pia mlango wa ndani. Rumanyika alimwamkia mgeni kwa Kiswahili, na mgeni akafahamu. Wajukuu wa watu wake wangali wakingoja shule iwaamkie vivyo hivyo.