Dhahabu, Fedha na Chuma: René Basset na Lugha za Maghrib

Mwaka 1880 alifika Algiers kijana wa Kifaransa, René Basset, mzaliwa wa Lunéville wa mwaka 1855, kufundisha Kiarabu. Algeria ilikuwa chini ya Wafaransa tangu 1830, na majeraha ya uasi wa 1871 yalikuwa bado mabichi: Wakabyle walikuwa wametozwa faini nzito na kunyang'anywa ardhi. Katika mji huo Basset alifundisha hadi alipofariki mwaka 1924, akiwa tangu 1909 mkuu wa kitivo cha fasihi cha chuo kikuu.

Kiarabu ndicho kilichompa kazi. Kandoni mwake alikuta Kiberberi, lugha iliyotangulia kuzungumzwa katika ardhi ile, iliyotawanyika kwa lahaja nyingi na aghalabu kukaa midomoni tu. Mwaka 1887 alitoa mwongozo wa Kikabyle; mwaka 1890, kitabu juu ya lahaja ya Siwa, oasisi ya Misri; kisha zikafuata lahaja za Mzab na Ouargla. Alizipanga lahaja ubavu kwa ubavu, kwani neno lililohifadhiwa na watu waishio mbalimbali, wasiokutana, huenda ni urithi wa mababu wamoja.

Mwaka 1895 alichapisha uchunguzi wa majina ya madini na rangi. Kwa Watuareg, dhahabu ni *uregh* na fedha ni *azref*. Mkabyle husema *ddheb* na *lfetta*, maneno ya Kiarabu yaliyoingia pamoja na "al" yake, ikayeyukia ndani. Mswahili naye ana dhahabu na fedha kutoka chemchemi ile ile, lakini kwake yamekuja bila "al" hiyo. Chuma, kwa wote wawili, hakikuazimwa kwa Waarabu: huku ni neno la Kibantu, kule ni *uzzal*. Na kutokana na shina la *uregh* Waberberi wamepata *awragh*, rangi ya manjano, kama Waswahili walivyoipa rangi hiyo jina la kiungo cha jikoni.

Lugha mbili hizo Basset hakuzitenganisha. Mwaka 1894 aliitoa kwa Kifaransa Burda ya al-Busiri, kasida isomwayo hata katika pwani ya Waswahili. Mshairi huyo wa Misri wa karne ya 13 aliandika Kiarabu, na nasaba yake ni ya Wasanhaja, kabila la Waberberi. Vivyo hivyo Sheikh Muhammad bin Yusuf Atfayyish wa Mzab, mwanachuoni wa Kiibadhi aliyefariki 1914: wa kwao walizungumza Kiberberi, kalamu yake iliandika Kiarabu, na baadhi ya vitabu vyake vilipigwa chapa Unguja, katika matbaa ya Sultani.

Hata hivyo, elimu ya Basset ilikaa chini ya kivuli cha dola. Miongozo ya lugha iliwafaa pia maofisa waliowatawala wenye lugha. Kwa hiyo ina uzito kwamba huko huko Algiers alifundisha Saïd Boulifa, mwana wa Kabylia, na kwamba mwaka 1904 Boulifa alichapisha diwani ya mashairi ya Kikabyle. Humo zimo tungo za Si Mohand, aliyebaki mtanga baada ya baba yake kuuawa kwa ajili ya uasi wa 1871. Katika utangulizi, Boulifa alimjibu Jenerali Hanoteau, aliyekusanya mashairi ya Wakabyle mwaka 1867 na kumdunisha mwanamke wa Kikabyle. Basset aliyapanga maneno kwa asili zake. Boulifa aliwatetea waliokuwa wakiyasema.

Kazi zote mbili zilihitajika. André, mwana wa Basset, aliendeleza utafiti wa lahaja hadi 1956. Kiberberi kikawa lugha rasmi Morocco mwaka 2011 na Algeria mwaka 2016, na waandishi wake wa leo wanalirudisha kalamuni neno *uregh*, ambalo Watuareg hawakuwahi kuliacha.